Moyo ukianza mbio usisubiri utulie, wahi kipimo

Juzi usiku kuna dada mmoja kaniandikia meseji ndefu, nimeisoma mara tatu na ya tatu nikalia. Ana miaka 24. Anasema moyo wake unaanza kwenda mbio ghafla tu, anaweza kuwa amekaa anaangalia simu, unadunda mpaka nguo inacheza kifuani, halafu baada ya nusu saa unatulia kama hakuna kilichotokea. Kaenda hospitali mara nne na mara zote nne kipimo kimetoka safi. Mara ya mwisho dokta kamwambia "binti, punguza mawazo".

Hilo neno mawazo mimi nimelibeba miaka saba. Nilikuwa nimepanga kuandika kitu kingine kabisa wiki hii lakini hapana, leo naongea na huyu dada na wote mnaofanana naye.

Mimi ilinianza nikiwa na miaka 19. Nimeinama kufunga kamba ya kiatu, nainuka, moyo tayari unakimbia. Haukuanza taratibu ukapanda kama mtu aliyepanda ngazi, yaani ni kama mtu kawasha swichi. Nikashika shingo nikajaribu kuhesabu nikashindwa, mapigo yanakuja kama mvua kwenye bati, na shingoni nasikia kitu kinagonga kwa ndani. Dakika ishirini hivi, halafu swichi ikazimwa. Nikaenda kukojoa, nikarudi, nikaenda tena. (Hiyo ya mkojo niliona aibu kuisema miaka yote, kumbe inajulikana vizuri tu, vyumba vya juu vya moyo vikitanuka kwa presha vinatoa homoni inayosukuma maji nje. Mwambieni dokta hata hilo.)

Basi ikawa hivo. Mwaka wa kwanza mara mbili, mwaka wa pili mara tano, baadae kila mwezi. Kila nikishikwa najilaza, nasubiri, ikiisha naoga naenda hospitali. Wananipima ECG, kile kipimo kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi, safi. Damu, safi. Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, valvu zote nzima na misuli ya moyo ina nguvu. Dokta mmoja aliishika ile karatasi akaniambia huku anacheka kwamba moyo wangu ni mzuri kuliko wa kwake, akaniandikia dawa za wasiwasi. Sitamtaja wala sina haja, ila kile kicheko ninacho kichwani mpaka leo. Na nyumbani habari ilishafika, dada yangu mkubwa akasema mbele ya watu kwamba mimi napenda kuhurumiwa. Nikaacha kusema. Nilikuwa nikishikwa kwenye kikao naomba ruhusa nakwenda chooni nakaa sakafuni nimeegemea ukuta mpaka iishe, natoka natabasamu.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa maana ndo kiini cha kila kitu. Moyo unapiga kama mara laki moja kwa siku. Ile karatasi ya ECG inachukua kama sekunde 10 tu. Ukienda moyo ukiwa umeshatulia, kipimo kinapima utulivu, kitakuwa safi na hakijadanganya. Ni sawa na kupiga picha barabara saa nane usiku halafu useme hapa hapapitagi magari. Hakuna mtu aliyenieleza hilo kwa miaka saba! Mimi nilidhani safi maana yake sina ugonjwa.

Aliyenieleza ni nesi, si bingwa. Nilikuwa nimevalishwa Holter, kile kimashine kinachobandikwa kifuani kwa waya kinarekodi mapigo saa 24 mfululizo (jina ni la Mmarekani Norman Holter, mashine yake ya kwanza ilibebwa mgongoni ikiwa na uzito wa zaidi ya kilo 30, cha siku hizi kinaingia mfukoni). Saa 24 zikapita kimya, nikashikwa siku mbili baada ya kukirudisha. Nililia pale kaunta kwa hasira. Yule nesi akaniinamia akasema, "Mdogo wangu, ukishikwa tena usilale nyumbani. Njoo nayo. Njoo ikiwa bado inakimbia."

Wiki tatu baadae, jumanne asubuhi, ikaja. Sikulala. Nikatafuta mtu wa kunipeleka, usijiendeshe mwenyewe jamani, nikaingia emajensi nikasema moyo wangu unaenda mbio sasa hivi naomba ECG kabla haujaacha. Wakanibandika. Mapigo 196 kwa dakika, wakati mtu aliyepumzika anatakiwa awe kati ya 60 na 100. Aliyekuwa anapima akageuka akamwita mwenzie na hapo hakuna aliyecheka. Nilikuwa naumwa, naogopa, lakini niwaambie ukweli nilifurahi. Miaka saba na hatimaye kuna karatasi.

Kwanza walinikalisha nimeegemea nyuma wakaniambia nipulize bomba la sindano tupu kwa nguvu sekunde 15, halafu wakanilaza haraka wakanyanyua miguu yangu juu sekunde 15 nyingine. Ni njia halali kabisa, inashtua neva inayopunguza kasi ya moyo, na kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa kunyanyua miguu hivo wagonjwa 43 kati ya 100 walitulia, bila kunyanyua ni 17. Mimi sikuwa kwenye hao 43. Wakaweka kanula, wakanichoma adenosini miligramu 6, kimya, wakanipa 12. Hiyo dawa ndani ya sekunde chache inausimamisha umeme katikati ya moyo kidogo tu ili uanze upya. Waliniambia utajisikia vibaya sana kwa muda mfupi na kweli, niliona kama naondoka, kifua kikawa kizito, uso ukawaka moto. Halafu kimya, halafu du. Du. Du. Mapigo 88.

Ile karatasi nikaipeleka kwa bingwa wa umeme wa moyo, kumbe wapo madaktari wa hiyo kazi peke yake, naye hakuhitaji hata dakika tano. Akanichorea. Moyo una kikundi kidogo cha seli chumba cha juu kulia, ndiko umeme unakoanzia, unashuka mpaka kituo cha katikati, unasubiri kidogo, ndo unaruhusiwa kwenda vyumba vya chini. Kwenye kituo hicho mimi nina njia mbili, moja ya haraka na moja ya polepole. Siku nyingi haina shida. Ila pigo moja likitokea kabla ya wakati wake linaweza kushukia njia ya polepole likarudi juu kwa ile ya haraka, na likirudi linashuka tena, basi linazunguka hapo hapo kama gari kwenye mzunguko lisiloona pa kutokea. Ndo hayo mapigo 196. Sasa niambieni mawazo yako wapi hapo.

Nilianzia kwenye beta bloka, vidonge vya kupunguza kasi ya moyo. Zilipunguza lakini nilikuwa nachoka, mikono baridi, na bado nikashikwa mara mbili. Miezi hiyo naiacha, haina cha kusimulia. Tukakubaliana ablesheni. Wanapitisha nyaya nyembamba kwenye mshipa wa kinena mpaka ndani ya moyo, na wewe uko macho, umechomwa ganzi tu pale kinena na dawa kidogo ya kutuliza. Halafu wanakuanzishia mbio makusudi. Naomba mfikirie hilo, kitu ulichokikimbia miaka yote unalala pale unaruhusu wakiwashe ili wakione kinapita wapi. Wakakiona, wakaiunguza ile njia ya polepole kwa joto, wakajaribu kukianzisha tena kikagoma. Masaa mawili hivi. Nikalala chali bila kukunja mguu jioni nzima, kesho yake nikarudi nyumbani. Kwa aina yangu inafanikiwa kwa zaidi ya watu 95 katika 100, na hatari kubwa waliyonieleza ni kukiumiza kituo chenyewe mpaka uhitaji kuwekewa betri ya moyo, inampata kama mtu mmoja katika 100 au chini ya hapo. Nilisaini.

Sasa ni mwaka na miezi minne. Mara moja moja moyo unaruka pigo, nashtuka, unaendelea. Jumamosi iliyopita nimekimbia kilomita 10 bila kusimama na nilivyomaliza nikashika shingo, mapigo yako juu kwa sababu nimekimbia, yakashuka taratibu kama ya watu wote. Dada yangu alikuwepo. Hajawahi kuniomba radhi na siku ile pia hakuomba.

Haya. Usikubali neno mawazo kabla moyo haujapimwa ukiwa kwenye kitendo. Wasiwasi upo na ni ugonjwa wa kweli, sibishi, na unaweza kupeleka moyo mbio. Lakini mara nyingi ule unapanda na kushuka taratibu, huu unawaka na kuzimika kama swichi, basi hilo la swichi mwambie dokta kwa maneno hayo hayo. Andika tarehe, saa, ulikuwa unafanya nini, ilichukua dakika ngapi. Weka vidole viwili kwenye mkono chini ya kidole gumba, hesabu sekunde 30 zidisha mbili, na sikiliza kama yanakwenda sawasawa au yanapigapiga ovyo. Kama una saa ya mkononi inayochukua ECG, irekodi ukishikwa na umpe daktari. Kama mashambulizi yako yanakuja kwa nadra omba Holter ya siku nyingi, ziko za wiki mbili. Na damu mpime pia, upungufu wa damu, homoni za tezi ya shingo, potasiamu, vyote hivyo vinachezea mapigo.

Na msichanganye. Ya kwangu inasumbua sana lakini kwa moyo ambao hauna tatizo lingine ni nadra kuua. Kuna ile vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kupiga, mapigo hayana mpangilio kabisa, inawapata zaidi watu wazima, na wengine hawasikii chochote. Damu inatuama kwenye kona ya chumba cha juu kushoto inaganda, bonge likichomoka linaweza kwenda kwenye ubongo. Hatari ya kiharusi inapanda kama mara tano. Wazazi wenu wakiambiwa wameze dawa za kuzuia damu kuganda wasiache kwa sababu wanajisikia vizuri, nimeona mtu aliacha na sitaki kuandika kilichofuata.

Ukizimia, hasa ukiwa kwenye mazoezi, au kifua kinauma, au pumzi haitoshi, au kuna mtu kwenye ukoo wenu alikufa ghafla akiwa kijana, hapo usihesabu chochote wala usijaribu kupuliza sindano, omba msaada upelekwe emajensi dakika hiyo hiyo. Na nyie wenye mgonjwa ndani ya nyumba muacheni kumcheka. Mtu hakai sakafuni chooni kwa raha zake. Shika mkono wake, hesabu mapigo yake, mpeleke.

Dada uliyeniandikia, mtafute leo mtu mmoja atakayekupeleka, mkubaliane kabisa, namba yake iwe juu kwenye simu. Ikianza usioge, usibadilishe nguo, usilale. Ukifika usikae kwenye foleni kimya, sema moyo unaenda mbio sasa hivi naomba ECG kabla haujatulia. Ikikatika njiani nenda hivo hivo waandike, ya pili utaiwahi. Omba nakala ya karatasi kabla hujatoka, na ukiipata nipigie picha unitumie.