Maswali ya Wasomaji: Rimu za Fuchs za asili hukaguliwa mgongoni

Nina Porsche 911 SC ya 1982 iliyokuja na rimu za ATS. Natafuta rimu za Fuchs za asili za inchi 15, zile za aluminiamu zenye mikono kama petali za ua. Muuzaji aliyeko Dubai amenitumia picha za rimu nne zinazong'aa kama kioo, anaapa ni orijino. Nitajuaje kabla sijatuma hela?
*Msomaji, Nyali, Mombasa*

Huo mng'ao ndio wa kwanza kutilia shaka. Fuchs za SC zilitoka kiwandani na ukingo wenye utando wa anodaizi (kinga ya aluminiamu), weupe uliofifia kidogo, na rangi nyeusi katikati, kwenye petali. Aliyezisugua mpaka zikang'aa hivyo ameshauondoa utando, na kwa upepo wa chumvi wa Nyali aluminiamu tupu itashika madoa upesi. Si sababu ya kukataa, ila ni sababu nzuri ya kushusha bei.

Mwombe picha za mgongo wa kila rimu, tairi likiwa limevuliwa. Fuchs hufuliwa kwa mtambo wa kushindilia, haimiminwi kwenye kalibu, na alama zake zimegongwa kwenye chuma chenyewe: jina la Fuchs, ukubwa (6J × 15 au 7J × 15, yaani upana kisha kipenyo kwa inchi), mwezi na mwaka, na namba ya Porsche inayoanza na 911.361.020. Tarehe iwe kabla kidogo ya gari lako kuundwa. Rimu ya 1985 kwenye gari la 1982 itakwenda vizuri tu, lakini usiilipie bei ya seti ya asili.

Gari lako linataka 6J mbele na tairi la 185/70, 7J nyuma na 215/60. Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Kuna 6J zilizokatwa ukingo na kuchomelewa ziwe pana, na kipimo cha kina hakizifichui: ukilaza rimu kifudifudi, ukaweka rula juu ya ukingo na kupima hadi kikao cha habu (pale rimu inapogusana na gari), 6J na 7J zote hutoa karibu milimita 125, kwa sababu upana wa ziada wote unaelekea nje. Pima upana wenyewe, kati ya kuta mbili zinazoshika tairi: milimita 152 kwa 6J, 178 kwa 7J. Kipimo kikipingana na alama iliyogongwa, achana nayo. Joto la kuchomelea huilegeza aluminiamu iliyofuliwa, na ufa utazaliwa pembeni mwa weldi.

Zikifika, zipige dawa ya kuchunguza nyufa, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya weldi. Safisha, puliza nyekundu, subiri dakika 10 hadi 15, futa, kisha puliza nyeupe. Ufa utajichora mstari mwekundu. Kagua hasa matundu ya nati na mashina ya petali kwa nyuma. Halafu zizungushe kwenye mashine ya balansi bila tairi. Ikiyumba zaidi ya milimita 1, sisi hatuinunui.

Nati za Fuchs ni ghali. Fundi ameniletea za koni zenye nyuzi zilezile, M14 × 1.5, na zinaingia vizuri. Nizifunge?
*Msomaji, Arusha*

Usifunge. Kuingia kwenye nyuzi si hoja. Kikao cha nati cha Porsche kina umbo la tufe, kwa hiyo koni itagusa pete nyembamba tu, itaila aluminiamu, na nati italegea ukiwa barabarani. Nunua za kikao cha tufe, hata zisipokuwa za Porsche.

Nati za aluminiamu zifungwe kwa mkono kwanza, kisha kwa soketi ya 19 yenye bitana ya plastiki, kwa msalaba, hadi Nm 130 kwenye spana ya kipimo. Bunduki ya upepo ikae mbali. Ukishatembea kilomita 50 hivi, rudia kipimo rimu zikiwa zimepoa.

SC ilikuwa na Fuchs za inchi 16 pia?
*Msomaji, Mwanza*

Ndiyo, kwa kuagiza: 6J mbele na 205/55, 7J nyuma na 225/50. Kwa barabara zetu tungebaki na 15. Ubavu mrefu wa tairi huokoa ukingo kwenye mashimo.