Jumamosi Si Jumapili: Ushauri kwa Anayeanza Kutazama Futiboli ya Kimarekani

Sisi tuliokulia kwenye soka tumezoea kwamba kuotea ni kuotea, iwe ni fainali ya Kombe la Dunia au ligi ya wilaya. Nilipohamia Ohio nilibeba mazoea hayo hadi kwenye futiboli ya Kimarekani, ambayo nilijifunza kwa kutazama NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, kila Jumapili. Kisha Jumamosi moja nikaalikwa na mfanyakazi mwenzangu kutazama mechi ya vyuo vikuu. Mpokeaji, yaani mchezaji anayerushiwa pasi, alidaka mpira ukingoni, unyayo mmoja ukiwa ndani na wa pili nje, nami nikapaza sauti kwamba mpira umetoka. Sebule nzima iligeuka kunitazama. Kwenye vyuo unyayo mmoja unatosha; ni NFL inayodai nyayo zote mbili.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kujua mnatazama ngazi ipi kabla ya kubishana. Kwa kawaida Jumamosi ni ya vyuo na Jumapili ni ya wanaolipwa, ingawa mwezi Desemba NFL nayo hucheza baadhi ya Jumamosi, kwa hiyo tazameni nembo na si kalenda tu.

Jambo la pili litakalowachanganya ni goti. Mchezaji wa kulipwa akiteleza bila kuguswa na mpinzani anaruhusiwa kuinuka na kuendelea kukimbia, lakini wa chuo goti lake likigusa nyasi shambulizi hilo linaishia hapo hapo, hata kama hakuna mtu karibu naye.

Muda wa nyongeza ndio unaohitaji subira zaidi. NFL huongeza dakika 10 katika msimu wa kawaida, na zikiisha bila mshindi matokeo ni sare. Vyuo viliachana na sare mwaka 1996: kila timu hupewa mpira yadi 25 kutoka mstari wa goli wa mpinzani na kushambulia kwa zamu. Mwaka 2018 Texas A&M iliifunga LSU 74 kwa 72 baada ya vipindi saba vya nyongeza, na katika miaka iliyofuata sheria ikakazwa ili wachezaji wasichoke kiasi hicho. Tangu 2021, kuanzia kipindi cha tatu timu hupokezana majaribio ya pointi mbili tu, yaani shambulizi mojamoja la kuvusha mpira mstari wa goli kutoka karibu, jambo linalofanana kabisa na penati zetu. Msimu huohuo Illinois iliishinda Penn State 20 kwa 18 baada ya vipindi tisa, na atakayeona matokeo hayo bila kujua sheria atadhani ni mechi fupi iliyopooza.

Tofauti ninayoiona kuwa na kasoro ni ya beki anayemzuia mpokeaji kinyume cha sheria kabla mpira haujafika. NFL huupeleka mpira mahali faulo ilipotokea, hata kama ni yadi 40 mbele, ilhali kwenye vyuo adhabu haizidi yadi 15. Beki wa chuo aliyeachwa mbali ana kila sababu ya kumvuta mpokeaji jezi, na sheria, kwa maoni yangu, inamsaidia.

Jihadharini pia na maelezo ya zamani, hata yakitoka kwa mwenyeji. Wengi bado husema kwamba kwenye vyuo saa husimama kila timu inaposogeza mpira yadi za kutosha kupata majaribio mapya ya kushambulia (first down). Tangu 2023 hilo hubaki kwa dakika mbili za mwisho za kila nusu tu. Vilevile, mapumziko mafupi yanayotolewa zikisalia dakika mbili nusu kuisha, ambayo vyuo havikuwa nayo kama NFL, yaliingia vyuoni mwaka 2024.

Siku hizi mpira ukirushwa ukingoni siitazami tena mikono ya mpokeaji. Natazama viatu vyake, na kabla ya kufungua kinywa najiuliza leo ni siku gani.