Chai ya Moto Kazini: Namna Tunavyochemsha Maji Hapa Goma

Juma lililopita fundi kijana aliniandikia akiuliza namna ya kupata chai kwenye ujenzi bila kupoteza asubuhi nzima. Nimefurahi kuulizwa, kwa sababu katika timu yangu chai ya saa nne haikosekani. Bado namkumbuka kwa uchungu msimamizi mmoja aliyemwaga maji yetu mbele ya watu, akidai kwamba tunamwibia wakati. Mtu aliyebeba mawe ya lava tangu alfajiri ana haki ya kikombe cha moto.

Maji yetu mara nyingi ni ya ziwani, huletwa kwa bidoni, yaani madumu, nayo hayafai kunywewa kabla ya kuchemka sawasawa. Goma iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Joto hilo linatosha kuua vijidudu vya kipindupindu, mradi usiepue birika mara tu mvuke unapoonekana. Ngoja mapovu makubwa yatokote kwa dakika moja. Majani ya chai yaongezee muda. Kahawa ya Idjwi au ya Kalehe inaridhika na nyuzi hizo hizo.

Washa mbabula, yaani jiko la makala (makaa), kabla ya kuanza kupanga mawe, uikinge kwa ukuta mdogo, tundu la hewa likiwa wazi, na ufunike sufuria, kwani sufuria isiyofunikwa hula makala bure.

Lakini usikimbilie shimoni kukwepa upepo wa ziwa. Upande wa Mugunga, magharibi mwa mji, kuna mazuku, hewa ya ukaa itokayo ardhini, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mabondeni hasa asubuhi penye utulivu, na imeua watu. Njiti ya kiberiti ikizimika kila unapoinama, usiwashe nyingine. Panda juu mara moja. Mvua ikinyesha, usiingize mbabula katika kibanda cha saruji kilichofungwa, kwa kuwa makala hutoa gesi ya sumu isiyonuka.

Nanyi viongozi wa timu, msimwachie kazi hii mtoto wa mwisho kila siku. Iwe ya zamu, ya kwanza muichukue ninyi wenyewe, na anayechemsha alipwe siku yake sawa na wenzake.