Pikipiki ya zamani inapogoma kuwaka: maswali kutoka Mtwara na Lindi

Maswali ya safari hii yote yanahusu pikipiki zenye kabureta, hasa zile za Kichina zilizoundwa kwa kufuata Honda CG125. Vipimo tunavyotaja ni vya muundo huo. Mwenye Boxer au TVS atazame kitabu cha pikipiki yake.

SWALI (Mikindani): Nalaza pikipiki nje. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi haiwaki hata kwa dawa. Jua likipanda, kiki mbili tu inawaka. Fundi anasema ni kabureta.

JIBU: Kabureta haina habari na jua. Kinachokauka ni kofia ya plagi na waya wake. Unyevu ukiingia kwenye nyufa, umeme unakimbilia bodi ya injini kabla ya kufika kwenye ncha ya plagi, na chumvi ya pwani inauongezea njia. Alfajiri kukiwa bado giza, piga kiki huku unatazama waya. Ukiona vicheche vya bluu vinatambaa juu ya mpira, ndipo hapo.

Kofia hutoka kwa kuizungusha, usiivute. Kata milimita 5 hivi za ncha ya waya hadi ukute shaba isiyo na ukijani, kisha uizungushie kofia mahali pake. Mpira uliopasuka haufai kufungwa gundi, nunua kofia nyingine. Yenye ukinzani wa ohm 5,000 ndiyo ya kawaida. Ndani ya mpira pakaza grisi ya silikoni kidogo. Grisi ya beringi inaozesha mpira.

SWALI (Tandahimba): Pikipiki imelala tangu korosho za msimu uliopita. Plagi inarusha moto vizuri lakini napiga kiki mpaka mguu unakufa ganzi.

JIBU: Moto ukiwepo, fuata mafuta. Weka choki kama unavyowasha injini baridi, piga kiki kama kumi, kisha fungua plagi. Ikitoka kavu, petroli haifiki ndani. Legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta huku koki ikiwa wazi: petroli inatakiwa itoke mfululizo. Isipotoka, tazama koki, chujio na sindano ya floti iliyoganda. Ikitoka vizuri na plagi bado kavu, jeti ndogo imeziba. Hiyo ndiyo inayolisha injini wakati wa kuwasha, na tundu lake halifiki nusu milimita. Petroli iliyolala miezi inaacha gundi humo.

Fungua jeti, iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, ipulize kwa upepo, kisha ielekeze kwenye mwanga uone kama tundu ni duara kamili. Usichokonoe kwa waya wa chuma. Tundu likitanuka, pikipiki itakula mafuta siku zote. Unywele wa mswaki unatosha. Skrubu ya hewa ikaze kwanza taratibu huku ukihesabu mizunguko, ndipo uitoe, ili uirudishe ilipokuwa.

Mafuta yote ya zamani yamwage. Na kama unajaza petroli ya chupa kijijini, iache itulie kwenye chupa nyeupe: maji hukaa chini, utayaona. Ukishuku mafuta ya taa, dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka bila alama, mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Petroli iliyochanganywa hivyo haigeuki mvuke kirahisi injini ikiwa baridi, kwa hiyo asubuhi ndiyo inasumbua zaidi.

SWALI (Newala): Ikiwa baridi inawaka kiki ya kwanza. Nikipandisha mlima na mzigo, nikizima kidogo tu, haiwaki tena mpaka ipoe nusu saa.

JIBU: Hapa kuna washukiwa watatu, na ni lazima uwakamate palepale injini ikiwa ya moto. Ukisubiri ipoe, ushahidi umepotea.

Kwanza fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia kinavuta pumzi, na baada ya dakika moja au mbili pikipiki ikawaka, kijitundu cha hewa cha kifuniko kimejaa vumbi. Kizibue, kazi imeisha.

Pili, chomoa plagi, irudishe kwenye kofia yake, igandamize kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake, piga kiki. (Plagi iguse chuma kabla hujapiga kiki, la sivyo unaweza kuua koili, yaani misokoto ya waya ya umeme wa plagi, au CDI, kile kisanduku kinachoamuru plagi irushe moto.) Kama moto umepotea na unarudi injini ikipoa, kuna koili inayokatika ikipata joto: ile ya kuchajia CDI, ile ndogo iliyo pembeni ya sumaku (gurudumu la ubavuni mwa injini linalozalisha umeme), au koili ya plagi yenyewe. Zipime kwa mita zikiwa za moto, kisha zikiwa baridi. Inayobadilika ghafla au kukata kabisa ndiyo mbovu.

Tatu, na kwa injini iliyozeeka sisi tunaanza kushuku hapa: moto upo, lakini kiki imekuwa nyepesi. Tapeti, zile skrubu zinazosukuma valvu zifunguke, zimebana. Valvu ya ekzosi inapokula kiti chake, inapanda juu na nafasi ya tapeti inapungua. Chuma kikipata joto kinarefuka, valvu haifungi tena, kompresheni (mgandamizo wa ndani ya silinda) inatoroka. Mafundi wengi huangalia tapeti zinapopiga kelele tu. Iliyobana haipigi kelele, ndiyo hatari yake.

Seti injini ikiwa imelala usiku kucha. Toa plagi, fungua kifuniko cha tapeti na kifuniko cha sumaku, tia gia ya juu, zungusha gurudumu la nyuma kwenda mbele mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye bodi. Tapeti zote mbili zinatakiwa zichezecheze. Kama moja imebanwa, zungusha injini duara moja zaidi. Nafasi ni milimita 0.08, ya kuingiza na ya ekzosi: geji (kibati cha kupimia nafasi) ipite kwa kukwama kidogo. Baada ya kukaza nati pima tena, kwa sababu nati ikikazwa inaburuta skrubu. Ukiikuta ekzosi imebana tena baada ya wiki chache, kuseti hakusaidii. Kiti cha valvu kinahitaji kusagwa.

SWALI (Lindi mjini): Nikibonyeza stata inalia tik-tik tu.

JIBU: Betri au vichwa vyake. Safisha kutu kwa maji ya moto na magadi, kaza. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi. Ikishuka chini ya 10 unapobonyeza stata, imechoka. Chaji ya betri ya Ah 5 isizidi ampea 0.5.

SWALI (Nachingwea): Haina moto kabisa. Nimeshanunua CDI mbili, bado.

JIBU: Ya tatu usinunue. Kwenye pikipiki nyingi za muundo huu, waya mweusi wenye mstari mweupe unatoka CDI kwenda kwenye swichi, na pikipiki huzimika waya huo unapogusana na bodi. Ukichubuka mahali popote, hasa pale usukani unapokunja, pikipiki imezimwa muda wote. Uchomoe kwenye soketi ya CDI upande wa nyaya, kisha jaribu moto. Ukirudi, CDI zako zilikuwa nzima. Tafuta mchubuko au swichi iliyoingia maji. Ukijaribu hivyo ujue ufunguo hautaizima. Shika breki ukiwa na gia ya juu, achia klachi taratibu, itakufa.

Usiporudi, ndipo ugeukie koili zilizo kwenye sumaku na soketi yake. Pini zilizoota ukijani zisugue kwa msasa laini kabla ya kulaumu kifaa chochote.