Maswali na majibu: imani, maandiko na sayansi

Awamu hii maswali yametoka Chimwaga, Chamwino, Kondoa, Mpwapwa na Dodoma mjini. Nimeyafupisha, ila hoja ni za walioyatuma.

SWALI: Nasoma mwaka wa kwanza hapa Chimwaga. Mhadhiri anasema dunia ina miaka bilioni 4.5, mchungaji wetu anasema Biblia inataja miaka 6,000. Nimwamini nani?

Anza kwa kufungua Biblia yenyewe, mdogo wangu. Hutaukuta mstari wowote unaotaja umri wa dunia. Miaka 6,000 ilipatikana kwa kujumlisha umri wa mababu waliotajwa kwenye orodha za vizazi. Anayejulikana zaidi kwa hesabu hiyo ni James Ussher, askofu mkuu wa Kianglikana huko Ireland, ambaye mwaka 1650 alichapisha kwamba uumbaji ulifanyika mwaka 4004 kabla ya Kristo. Alikuwa msomi makini kwa zama zake, lakini hesabu ni ya Ussher, si ya Musa. Anayeikataa hajalikataa Neno la Mungu.

Sasa twende kwa mhadhiri. Miamba iliyoko chini ya miguu yetu hapa Dodoma ni kati ya ile ya kale kabisa Tanzania, ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, na dunia haiwezi kuwa changa kuliko miamba yake. Imejulikanaje? Ndani ya graniti, aina ya mwamba mgumu, mna chembe ndogo za madini yaitwayo zirkoni. Zirkoni inapoganda kutoka kwenye mwamba ulioyeyuka, huruhusu urani, madini yenye mionzi, kuingia lakini karibu haipokei kabisa madini ya risasi. Urani nayo hubadilika kuwa risasi taratibu, kwa kasi inayopimika maabara: nusu ya aina iitwayo urani-238 huchukua takriban miaka bilioni 4.47 kubadilika. Kwa hiyo risasi inayokutwa ndani ya chembe ile imezaliwa humo humo, na ukilinganisha kiasi chake na urani iliyobaki unapata umri. Kuna na aina nyingine, urani-235, ambayo hubadilika kwa kasi tofauti. Ni kama kuwa na saa mbili ndani ya chembe moja. Zikisoma sawa, ni vigumu mno kudai zote zimekosea kwa kiasi kile kile.

Kwenye mtihani andika kilichopimwa, tena uandike bila hofu ya kumkosea Mungu. Kwa mchungaji nenda na Biblia mkononi, umwombe kwa heshima akuonyeshe mstari.

SWALI: Huku Chamwino tulifunga tukaomba mvua, ikanyesha. Mwanangu msomi anasema ingenyesha tu. Amekosea?

Shikamoo mama. Mwanao hajakosea kuuliza. Mvua zetu huanza kati ya mwishoni mwa Novemba na Desemba, zikaisha Aprili, na wingi wake hutegemea sana joto la maji ya bahari zilizo mbali na sisi. Msimu wa 1997/98 Bahari ya Pasifiki ilipopata joto lisilo la kawaida, ndiyo El Niño ile, mvua ilipita kiasi na mafuriko yakaharibu reli ya kati.

Ukitaka kujua kama maombi ndiyo yaliyoleta mvua, inabidi uhesabu pia miaka mliyoomba na mtama ukakauka shambani. Hiyo tunaisahau haraka. Zamani watemi wa Kigogo waliokuwa na mawe ya mvua walisifiwa vivyo hivyo: mwaka mzuri ulikumbukwa, mwaka mbaya ukatafutiwa wa kulaumiwa, na mara nyingine aliyelaumiwa alidhulumiwa. Omba, mama, mimi sitakuzuia hata kidogo. Lakini sikiliza na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na usiache mbegu za muda mfupi.

SWALI: Mimi Muislamu wa Kondoa. Kuna wanaotuhubiria kwamba kila ugunduzi wa kisayansi umo ndani ya Qur'ani. Ni sawa?

Nakushauri uwe mwangalifu, ndugu yangu. Nadharia za sayansi hurekebishwa. Ukiifunga aya kwenye nadharia ya leo, ikibadilika kesho utaifanyia nini aya?

Mfano bora umo kwenye Hadithi. Alipofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume, jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Ilikuwa nafasi rahisi ya kudai muujiza. Mtume akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Baba mwenye msiba aliukataa ushahidi usio wa kweli hata pale ulipompa heshima. Kila nikiisoma habari hiyo naguswa.

Na Ibn al-Haytham, Muislamu aliyeandika juu ya nuru na macho miaka elfu moja hivi iliyopita, aliandika kitabu kizima cha mashaka dhidi ya Ptolemaio, mtaalamu wa nyota aliyeheshimiwa kuliko wote. Kutilia shaka hakukumtoa kwenye dini.

SWALI: Mimi ni muuguzi Mpwapwa. Mgonjwa wangu ameambiwa kwenye mkesha kwamba amepona, ameacha ARV, dawa za virusi vya UKIMWI. Nifanyeje bila kutukana imani yake?

Mwambie apime wingi wa virusi. Kama amepona, kipimo hakitamwaibisha Mungu. Ila asiache dawa akisubiri majibu, na ajue kwamba majibu ya "havionekani" kwa mtu aliyekuwa anameza dawa ni kazi ya dawa. Akiacha, virusi hurudi. Mwaka 2011 maelfu walikwenda Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba iliyodaiwa kuponya, na wapo waliotupa ARV wakafa. Hili halina pande mbili, dada.

SWALI: Nimeacha kuamini. Nimwambie mama?

Ibara ya 19 ya Katiba inakupa uhuru wa dhamiri, kwa hiyo hakuna wa kukulazimisha. Lakini mama yako si mahakama. Mwambie mkiwa wawili, siku isiyo na ugomvi wala mgonjwa nyumbani, na usianze kwa kumwonyesha makosa ya dini yake. Anza na maswali yaliyokusumbua. Akilia, usibishane naye siku hiyo.