Kabla hamjapitisha daftari la michango ya uwanja wa mtaa

Tangu picha za uwanja wetu zianze kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, vijana wa kata za jirani wananipigia na swali lao ni moja: hela mlipata wapi? Naelewa kwa nini wanaanzia hapo. Saruji ni ghali, nondo ni ghali, na vikundi vya mitaani havina akiba. Lakini kwa niliyoyaona nikiwa katibu wa kikundi chetu hapa Dar es Salaam, hela iacheni kwanza. Anzeni na mambo mawili: ardhi ile ni ya nani kwenye makaratasi, na nani atautunza uwanja baada ya utepe kukatwa. Mkiwa na majibu ya hayo mawili, yamesainiwa na manispaa, mtashangaa wachangiaji wanavyojitokeza wenyewe.

Tuanze na ardhi. Kila mtu mtaani atakwambia lile ni eneo la wazi, babu zake walichezea pale. Hiyo haitoshi. Chukueni barua ya serikali ya mtaa, nendeni idara ya mipango miji ya manispaa, muombe kuoneshwa ramani ya mipango miji iliyoidhinishwa ya eneo lenu. Ramani hizo zinasimamiwa na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na hapo ndipo mtajua kama kipande kile kimetengwa kwa michezo, kwa shule, kwa soko, au kimeshakatwa viwanja vya makazi. Msirudi na jibu la mdomo. Ombeni jibu la barua, lenye kumbukumbu namba na muhuri, kisha muombe mpima aje kuonesha bikoni, yaani alama za mipaka, zilipo. Kuna wenzetu walikodi greda wakasawazisha uwanja wao vizuri kabisa, wakaweka na magoli. Haikupita miezi mingi akaja mtu na hati. Leo pale pana ukuta na geti jeusi, na watoto wa mtaa ule wanacheza barabarani, bodaboda zikiwapita. Kila nikipita pale roho inaniuma.

Ardhi ikishaeleweka, ipitisheni hoja yenu kwenye mkutano wa mtaa. Hakikisheni muhtasari umeandikwa, una orodha ya mahudhurio na sahihi, maana bila muhtasari hoja yenu haipo. Kutoka hapo inakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata, ndipo inapanda manispaa. Angalieni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mapendekezo yanakusanywa kutoka chini miezi mingi kabla ya hapo. Mkienda mwezi Mei na mchoro wenu mzuri, mtaambiwa msubiri bajeti ijayo, na hamtakuwa na cha kulalamika. Mwezi wa kumi au wa kumi na moja ndio wakati wa kuwa mlangoni kwa mtendaji.

Sasa hela. Watanzania tunaujua utaratibu wa maboma: wananchi wanainua kuta za darasa au zahanati hadi kwenye lenta, halmashauri inaezeka na kumalizia. Sioni kwa nini uwanja usifuate njia hiyo hiyo. Boma la uwanja ni kusafisha, kusawazisha, kuchimba mitaro, kupanda miti na michongoma ya uzio. Hiyo kazi mtaa unaiweza. Wekeni daftari la nguvu kazi kila Jumamosi: nani kaja, kafanya nini, kwa saa ngapi, nani kaleta toroli, nani kaleta tripu ya mchanga. Afisa maendeleo ya jamii wa kata alisaini daftari letu kila mwisho wa mwezi, na thamani ya ile kazi ikaandikwa kwenye andiko la mradi kama mchango wa wananchi. Tulipokaa mezani na wataalamu wa manispaa hatukuwa waombaji. Tulikuwa tumeshaweka sehemu yetu, na tuliiona heshima ikibadilika pale pale.

Kuna jambo vijana wengi wanalichanganya. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mikopo. Haina riba, ila inarudishwa. Msiende kuiomba kwa ajili ya kujenga uwanja wa umma, kwani uwanja haulipi marejesho. Wanaoweza kuitumia ni mama lishe na vijana wa juisi watakaofanya biashara pembeni ya uwanja. Mfuko wa Jimbo, yaani wa kuchochea maendeleo ya jimbo la ubunge, upo pia, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, na miradi midogo inayoibuliwa na wananchi ndiyo inayoufaa.

Kuhusu ujenzi wenyewe nitasema machache, maana fundi mzuri atawaeleza zaidi. Kiwanja cha kikapu ni mita 28 kwa 15, cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25. Mkimwaga zege la mita 35 kwa 20 mnachora vyote viwili kwa rangi mbili tofauti, na mnabaki na zaidi ya mita mbili kila upande za kukimbilia nje. Ringi zote mbili zinakaa kwenye kimo cha mita 3.05, kwa hiyo mtoto anayezoea moja hapotei kwenye nyingine. Mtaro uchimbeni kabla ya zege. Mabomba ya magoli yajazeni zege ndani hadi juu, kisha mchomelee kipande cha nondo mguuni kabla ya kuyafukia. Wanaonunua vyuma chakavu wapo kila kona, na goli tupu linang'olewa usiku mmoja. Yetu yalijazwa, na hadi leo yamesimama.

Na wasichana. Hili nalishikilia kweli. Msipoandika ratiba, wavulana wa mpira watakuwa pale kuanzia saa tisa mchana hadi giza, na hakuna binti atakayekuja kuwaomba nafasi. Sisi ratiba tuliichora ukutani kwa rangi ya mafuta, siku za netiboli zikiwa na saa zake nzuri za jioni, siyo zile saa za jua kali zinazobaki baada ya wengine kuchagua. Mwalimu wa michezo wa shule ya msingi ya jirani ndiye msimamizi wa siku hizo. Ikiwa siku ya netiboli na mpira wa miguu ukaingia, mwenyekiti wa kikundi anapigiwa simu na anakuja mwenyewe.

Nirudi kwenye matunzo, kwa sababu viwanja vingi vinafia hapo. Makubaliano yetu na manispaa yana kurasa chache tu, aliyaandika mwanasheria wa manispaa, na yanasema wazi: ardhi na kila kilichojengwa ni mali ya manispaa, kikundi kinasimamia kwa miaka mitano, na muda unaweza kuhuishwa, akaunti ni moja, ina watia saini watatu, mmoja wao anatoka ofisi ya kata, taarifa ya mapato na matumizi inasomwa kwenye mkutano wa mtaa kila robo mwaka. Funguo za choo na za bomba la maji anashika mama anayeuza uji pale getini, na posho yake imeandikwa humo. Msione ni jambo dogo. Choo kisicho na mtu wa kukifungua saa kumi na mbili asubuhi na kukifunga usiku hakimalizi mwaka.

Karatasi hiyo ndiyo iliyotuvusha. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuja Novemba 2024, wa madiwani ukaja Oktoba 2025, na sura nyingi tulizozoea ofisini zikaondoka. Kama tungekuwa na ahadi za mdomo, tungeanza upya na kila mgeni. Tulikwenda na nakala, tukaikabidhi, mazungumzo yakaendelea kutoka yalipoishia.

Kama mnataka mifano ya kwenda kuona kwa macho, mmoja uko hapa hapa mjini. Kidongo Chekundu, pale Gerezani, palifunguliwa mwaka 2015 kituo cha michezo cha vijana kinachobeba jina la Rais Kikwete. Kampuni ya umeme ya Symbion na klabu ya Sunderland ya Uingereza zilishirikiana na serikali kukijenga. Mkiwa na kampuni kubwa kwenye eneo lenu, hodi ya aina hiyo inapigika. Unguja kuna bustani ya Forodhani, iliyokarabatiwa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni na kufunguliwa tena mwaka 2009. Pale tazameni wauza chakula. Wamo ndani ya mpango, wana sehemu yao, na ndio wanaofanya bustani iwe na watu na mwanga usiku. Manispaa nyingi zikijenga bustani hufukuza kwanza wafanyabiashara wadogo, halafu zinashangaa bustani imegeuka kijiwe cha wavuta bangi.

Nairobi kuna msitu wa Karura. Ule ni wa shirika la misitu la taifa, siyo wa jiji, ila mpangilio wake unafundisha. Miaka ya 1990 ulikuwa unamegwa kwa ajili ya majumba, mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake wakapigwa mwaka 1999 wakiutetea. Miaka kumi hivi baadaye kikundi cha wakazi, Marafiki wa Karura, kikaingia ubia na shirika lile kwa mujibu wa sheria ya misitu, uzio ukajengwa kwa michango, na kiingilio cha getini kikaanza kulipia walinzi na njia za kutembelea. Leo familia zinakwenda kule na baiskeli na vikapu vya chakula.

Kiingilio kwenye uwanja wa mtaa mimi sikiungi mkono. Mtoto asiulizwe mia mbili ili acheze. Tunachotoza ni mashindano yenye wadhamini, harusi na vipaimara vinavyokodi eneo, na timu za makampuni zinazokuja kufanya mazoezi Jumamosi asubuhi. Viwango vimebandikwa getini, malipo yanakwenda benki moja kwa moja, hakuna anayepokea taslimu. Inatosha posho ya mama wa uji, sabuni, rangi na kuchonga mtaro kabla ya masika. Kwa taa haitoshi. Hizo tumeziombea kwenye bajeti ijayo ya manispaa, barua imepokelewa na kugongwa muhuri, na mwezi wa kumi tutakuwa pale pale kwa mtendaji kuuliza imefikia wapi.