Kubeba boksi huku unasoma PhD Uingereza

Kila ikikaribia Septemba simu zinaanza. Vijana wamepata nafasi ya uzamivu (PhD) Uingereza, na baada ya salamu swali ni lile lile: kaka, kazi huko zinapatikana? Zinapatikana. Nimesoma PhD yangu yote huku nikibeba boksi, yaani nikipiga vibarua vya ughaibuni, ingawa boksi langu lilikuwa nyumba ya kulelea wazee: kuogesha, kulisha, kutandika vitanda, kujaza fomu. Ningependa mniulize kitu kingine: kazi gani itakuachia akili ya kuandika?

Tuanze na sheria, maana hapo hakuna mjadala. Viza ya mwanafunzi wa PhD inaruhusu saa 20 kwa wiki, na wiki yao ni Jumatatu hadi Jumapili. Hakuna wastani wa mwezi. Ukifanya saa 12 wiki hii, nane zilizobaki zimekufa. Ukiwa na kazi mbili, saa zinajumlishwa. Zamu ya usiku wa Jumapili, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa mbili asubuhi, inakatwa vipande viwili: saa nne zinaingia wiki inayoisha, nane zinaingia wiki mpya. Meneja hatakufanyia hesabu hiyo. Niliiandika mwenyewe kwenye daftari, kila nikirudi, kabla ya kuvua viatu.

Wa shahada ya kwanza chuo kikifunga wanapiga kazi muda wote. Wa PhD hana likizo ya kiangazi. Julai kwake ni sawa na Novemba, isipokuwa siku za mapumziko ambazo chuo kimemwidhinishia rasmi. Na zile kazi za kusambaza chakula kwa baiskeli, achana nazo. Kule unahesabika umejiajiri, na viza hairuhusu kujiajiri. Anayetaka kukukodisha akaunti yake ya kazi hizo anakuuzia tiketi ya kurudi nyumbani. Kama una ufadhili, soma pia mkataba wake, kwa sababu kuna wafadhili wanaotaka saa pungufu ya hizo 20.

Sasa hela. Kuanzia Aprili 2025 hadi Machi 2026, kima cha chini cha mshahara kwa mwenye miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Kwa kima hicho, saa 20 zilikuwa kama pauni 244 kwa wiki kabla ya makato. Nje ya London, ukijibana, zinalipa chumba na chakula. Ada ya mwanafunzi wa kigeni ni habari nyingine kabisa. Kama mpango wako ni kuilipa kwa boksi, usipande ndege.

Wengi watakushauri ukafundishe semina chuoni. Kwa wasifu wa kazi ni jambo zuri, na muhula mmoja au miwili ningesema chukua. Lakini saa moja ya darasani inakuja na usomaji wa kujiandaa, barua pepe za wanafunzi na rundo la insha za kusahihisha, na malipo ya maandalizi mara nyingi hayafikii muda unaotumika kweli. Baya zaidi, inakula akili ile ile inayotakiwa kwenye tasnifu. Kazi ya wazee inauma mgongo, ila ukishakabidhi zamu imekwisha. Kulikuwa na bibi mmoja, mwalimu mstaafu, nikimpelekea chai ya jioni lazima aniulize leo nimeandika nini. Msimamizi wangu wa tasnifu hakuwahi kunibana hivyo.

Usiku unalipa zaidi kidogo sehemu nyingine, na ndio mtego. Unarudi asubuhi, unalala, unaamka saa tisa alasiri kichwa kizito, na siku ya kuandika imeshapita. Omba zamu za mchana za Jumamosi na Jumapili, na asubuhi za katikati ya wiki usimuuzie mtu. Ijumaa jioni utapata ujumbe kwamba kuna mtu kaugua, unaweza kuja? Jibu mapema na kwa adabu kwamba huwezi. Watatuma kwa mwingine baada ya dakika mbili.

Nyumbani nako waeleze mapema. Wao wanajua uko Ulaya, basi. Mimi nilikubaliana na mama kiasi cha kutuma kila mwezi, na maombi ya wengine yote yakawa yanapitia kwake. Mama ana huruma, lakini ni mkali kuliko benki.

Msimamizi ajue pia kwamba unafanya kazi na siku zipi, ili asikupangie kikao siku ya zamu.

Na ukishawasilisha tasnifu usikimbilie kuomba saa 40. Ukiwa unasubiri mtihani wa kuitetea, au unafanya masahihisho, bado unahesabika mwanafunzi na kikomo ni kile kile. Uliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chako tarehe rasmi ya kumaliza masomo, wakupe kwa maandishi, ndipo uzungumze na meneja.